Mkono wa Mama Hauonjwi

Jumamosi, 5 Oktoba

Umeme umekatika tena. Nilibakiza mchoro mmoja tu, kompyuta ikazimika nikiwa nimeinua kidole. Sasa nimekaa dirishani na karatasi na kalamu kama mwanafunzi wa shule ya msingi. Mtaa mzima wa Nguba unanguruma kwa jenereta za majirani. Sisi hatuna.

Semina ni Ijumaa. Mada yangu: vipokezi vya kuzuia vilivyo juu ya mastositi, na namna vinavyoweza kutumika kutibu mzio. Nimeisema sentensi hiyo hapa nyumbani mpaka Feza, mke wa mdogo wangu, anaiimba akiosha vyombo.

Profesa anataka niieleze kiasi kwamba hata mama wa sokoni aelewe. Haya, tujaribu. Mastositi ni seli za ulinzi. Zinakaa chini ya ngozi, puani, kooni, tumboni, kila mahali mgeni anapoweza kupitia. Zimejaza histamini, kemikali ya kuwasha na kuvimbisha, ndani ya vifuko. Zikimwona adui, au zikidhani zimemwona, zinamwaga vyote: mtu anavimba, anawashwa, pumzi inambana. Dawa tulizozizoea zinakimbizana na histamini ikiwa imeshamwagika. Lakini seli hizo hizo zina vipokezi vingine ambavyo kazi yake ni kuzituliza. Breki. Watafiti wanataka kukanyaga breki kabla vifuko havijamwagika. Wazo zuri sana. Ila dawa moja ya kukanyaga breki mojawapo ilishajaribiwa kwa wagonjwa na haikufua dafu. Profesa hapendi niiseme hiyo. Nitaisema.

Kesho Maman anakuja kutoka Kavumu baada ya misa. Feza anasugua sakafu tangu asubuhi, na mtoto mgongoni. Mume wake, yaani huyo mdogo wangu Aganze, alipewa kazi moja tu, kutandika kitanda cha wageni. Akagusa godoro, akapiga chafya mfululizo, akaacha kazi nusu. Kila akigusa godoro ni hivyo hivyo. Nikamwambia ni vumbi. Akaniambia ni uvivu. Angalau anajijua.

Jumapili, 6 Oktoba

Naandika nikimsikiliza Aganze anavyopumua chumba cha pili.

Maman alifika na mizigo yake ya kila mara: maharage, maparachichi, kumbikumbi wa kwanza wa mvua hizi, wamekaangwa, wametiwa chumvi na kufungwa kwenye kitambaa. Tonton Deo naye akafika. Ni mdogo wa baba yetu, marehemu Papa, siku hizi ndiye mkubwa wa familia, na harufu ya chakula haimpiti popote Bukavu. Tukakaa. Feza akaleta bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wakavu waliotumwa na mama yake kutoka Sange. Akaonja kila sufuria mbele yetu, moja baada ya nyingine. Huku kwetu mpishi haonji kwa ajili ya chumvi. Anaonja ili waliokaa waone kwamba hakuna kitu ndani. Sumu ya kulishana, ile tunayoiita karuho, tumelelewa tukiiogopa kuliko radi.

Hatukufika nusu ya sahani. Aganze akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba. Macho yakajifunga. Sauti ikawa nzito, si yake. Nilimpa vidonge vya mzio vilivyokuwa kwenye mkoba wangu, nikatoka mbio kutafuta taksi ya kumpeleka hospitali. Jumapili, na mvua. Taksi gani! Niliporudi nayo, nimelowa mpaka mifupa, Aganze alikuwa ameinamia beseni anatapika maji ya kijani. Tonton alikuwa amemnywesha majani ya kutapisha karuho. Anatembea nayo kwenye koti, jamani. Kwenye koti!

Na uvimbe ulikuwa umeanza kushuka. Vidonge vyangu. Vidonge VYANGU. Lakini nani atanisikia? Kijana alivimba, akatapika, akapona. Kwa watu wa chumba kile kesi imekwisha. Aganze akakataa kwenda hospitali, amechoka. Nimeoa hasira leo, nalala nayo.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeharibu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na diploma zangu zote.

Asubuhi Tonton alirudi. Akasema karuho, waziwazi, Feza akiwa anamnyonyesha mtoto wake Ombeni pale pale. Nikasimama kama niko darasani: huu ni mzio. Maman akaniuliza, "Mzio ya nini? Huyu mutoto anakula yote tangu nilimuzaa." Swali zuri. Jibu sahihi lilikuwa "sijui bado". Lakini mimi nisipojibu huwa najisikia uchi. Nikasema labda ni wale samaki wa Sange.

Halafu Tonton, taratibu, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani, akininyooshea kidole: "Mulisikia? Ata Docta anasema iko chakula ya Feza."

Ningeweza kujimeza. Nikaanza kueleza tofauti ya mzio na sumu. Nilieleza kingamwili, nilieleza vifuko, nilieleza histamini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Feza alivyozidi kuwa mwenye hatia. Mtu asiye na kosa hahitaji maneno mengi hivyo, walikuwa wakiwaza. Niliona kwenye nyuso zao.

Uamuzi: Maman amemchukua Aganze kwenda naye Kavumu. Atakula kwa mkono wa mama yake tu. Jumapili ijayo familia itakaa kikao hapa, na Tonton ameshasema kikao kitasema nini. Feza arudishwe kwao Sange. Ombeni ataenda naye kwa sababu bado ananyonya, lakini akiacha ziwa atarudishwa kwa watu wa baba yake. Hivyo tu. Nyumba inavunjwa kwa sababu ya beseni la matapishi.

Na Aganze? Hakumtazama mke wake. Aliingia kwenye gari kama gunia la viazi. Namchukia leo.

Jumanne, 8 Oktoba

Feza amepika kwa ajili yetu wawili tu. Akaonja mbele yangu. Nikamwambia aache upuuzi huo, nikapaza sauti kuliko nilivyotaka. Akaonja na maji ya kunywa pia.

Alipeleka mandazi kwa jirani, kama kila Jumanne. Sahani imerudi nayo yote, imefunikwa vile vile. Habari imeshavuka ukuta.

Nilimshauri aende Sange mwenyewe kabla ya Jumapili, apumzike, asubiri mambo yapoe. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto, mimi anayeniita yaya, yaani mkubwa wake. "Yaya, miye siende. Nikikimbia, batasema iko kweli. Banifukuze benyewe, na mukono yabo." Kisha akaendelea kukunja nepi.

Kweli tupu. Nimekasirika kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 9 Oktoba

Profesa amesoma rasimu. Anataka "matumizi ya hapa kwetu". Matumizi gani ya hapa kwetu? Dawa za breki bado ziko kwenye maabara za watu. Hapa ukipata adrenalini, sindano ya mzio mkali, kwenye kituo cha afya unashukuru Mungu. Nimwandikie nini?

Umeme ulirudi jioni, nikamaliza mchoro. Breki nyingi za mastositi hazina maana zikiwa mbali. Sharti zivutwe karibu kabisa na kipokezi kinachowasha seli, vikae pamoja, bega kwa bega. Hapo ndipo breki inapokizima. Ndiyo maana wapo wanaotengeneza molekuli yenye mikono miwili: mmoja unashika kichochezi hicho, mwingine unashika breki, inavileta pamoja. Mchoro umependeza. Haumsaidii mtu yeyote katika nyumba hii.

Alhamisi, 10 Oktoba

Simu ya Maman saa za asubuhi. Kelele tupu. Nilisikia jina la Aganze, nikasikia "ameanza tena", mtandao ukakatika.

Niliacha wanafunzi katikati ya maabara. Taksi ya Kavumu ilijaa mpaka nikakaa nusu, nusu nyingine juu ya ndoo ya mtu. Tope, shimo, tope. Nilisali njia nzima, mimi ninayewacheka wanaosali kwenye taksi.

Kituo cha afya walishamshughulikia. Nesi wa zamu hakupoteza muda na maneno ya karuho. Alimdunga adrenalini pajani, akamtundikia maji. Nilimshika mikono yote miwili nikashindwa kusema asante vizuri. Aganze alikuwa amelala, uso umeumuka kama unga wa mandazi. Mara hii koo lilikaribia kufunga. Nesi alinitazama tu, tukaelewana. Kidogo tumkose.

Maman yuko mlangoni, kilemba kimelegea, anarudia kwamba karuho ya yule muke imemfuata mpaka Kavumu. Tonton kwa simu anathibitisha: iko karuho ya aina ya kufuata mtu. Bila shaka. Karuho ya Tonton haikosi miguu.

Nikamuuliza Maman alimlisha nini. Bugali na maharage. Amepika nani? "Miye mwenyewe! Hakuna mutu aligusa." Samaki? Hakuna samaki. Basi samaki wa Feza hawana kosa, na mimi Jumatatu nilibwata kama mjinga. Nilifurahi na kuona haya kwa pamoja.

Aganze alipoamka nilibadilisha swali. Nikamwambia: usiniambie ulikula nini, niambie kitu gani kilipita mdomoni mwako. Akafikiri. "Akuna kitu. Ile kumbikumbi tu ya Maman."

Ile tu.

Na Jumapili? Jumapili pia. Uani, kabla hatujakaa. Maman alimtilia konzi moja kwenye kiganja, kama alivyomfanyia tangu ana meno mawili. Hakuna aliyeitaja kwa sababu kumbikumbi si chakula. Unatafuna ukisubiri chakula. Na hakuna aliyeionja mbele ya watu, kwa sababu ilitoka kwa Maman, na mkono wa mama hauonjwi. Feza alionja kila sufuria. Kitu pekee kisichoonjwa ndicho kilichotaka kumuua Aganze.

Wadudu wa aina hiyo na wadudu wadogo wa kwenye vumbi la godoro wana protini zinazofanana. Mwili ukishawachukia hawa unaweza kuja kuwachukia na wale. Aganze na chafya zake za godoro! Miaka yote hiyo nimekaa naye nyumba moja, nikisoma mastositi za watu wa mbali.

Maman alikuwa nje anasali rozari. Sikumwambia; Aganze peke yake nilimkataza kumbikumbi. Nimerudi Bukavu na siri kooni.

Ijumaa, 11 Oktoba

Semina imepita. Umeme ulikatika nikiwa kwenye picha ya pili. Nilichora ubaoni kwa chaki: seli, kichochezi, breki. Ile dawa iliyoshindwa nimeitaja. Profesa alikohoa mpaka mwisho wa sentensi. Wakati wa maswali mwanafunzi mmoja akauliza: tukisubiri hizo breki, sisi tufanye nini? Nikajibu: mtafute kinachomwasha mgonjwa, mkiepuke, adrenalini iwe karibu. Wakacheka kidogo. Nilisoma yote hayo ili kuwaambia watu wasile kinachowadhuru. Hata bibi yangu angewaambia.

Wakapiga makofi. Sikuyasikia sawasawa.

Maana jambo lenyewe ni hili. Jumapili naweza kusimama na kumtoa Feza kwenye mashtaka kwa dakika chache. Lakini kwa Tonton kiti cha mshtakiwa hakikai wazi. Karuho lazima iwe na mwenyewe. Nikimwondoa Feza, anayekaa pale ni Maman. Mjane. Mama aliyemlisha mwanawe kwa mkono wake. Nimeshaona mjane wa namna hiyo: hakupigwa, hakufukuzwa, ila kanisani watu walihama benchi alilokaa, mpaka akaacha kwenda. Ukawa ndio mwisho wake.

Nikinyamaza, Feza anaondoka. Nikisema, Maman anaharibika. Na nikimwacha Aganze ale kumbikumbi tena, anakufa. Hakuna hata mmoja wao aliyemtilia mtu sumu! Nataka kupasua kitu. Nimevunja kikombe, kwa kweli. Cha kwangu mwenyewe.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda Kavumu. Jana nilikuwa nimepanga kusema mbele ya kikao, nimebeba mchoro, nimejaa hoja. Usiku nikaona upumbavu wake. Kumpigia Maman kelele mbele ya watu ni kukanyaga breki iliyo kwenye gari jingine. Ilibidi nikae naye karibu.

Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Nikavuta kigoda, nikapukuchua naye. Mimi, kunyamaza! Nilihisi kuumwa.

Kisha nikamweleza. Si kingamwili. Nikamwambia mwilini mwa Aganze kuna walinzi, na walinzi hao wamekosea, wamemchukua kumbikumbi kuwa mwizi. Kila akipita wanapiga filimbi mpaka nyumba inataka kubomoka. Hakuna aliyewatuma. Kumbikumbi ni wazuri, sisi tunawala, hawana kitu. Kosa liko kwa walinzi.

Akauliza, "Na alikula yote hii myaka. Hao balinzi balianza kukosea lini?"

Nikasema sijui.

Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Kwa mara ya kwanza wiki hii alinitazama kama mtu anayesikiliza. Inaniudhi: nimesoma nusu ya maisha yangu, na neno lililomwingia ni "sijui".

Akaendelea na maharage. Vidole vikapungua kasi, vikasimama. Akasema, "Jumapili, siku ya yenga, nilimupa na mukono yangu. Na Kavumu hapa, alikuwa hataki kula, nikamubembeleza. Basi iko miye."

Nikasema hapana Maman, si wewe, si mtu yeyote, ndicho ninachojaribu kukwambia. Akasema, "Nyamaza kwanza." Nikanyamaza. Machozi yake yalianguka ndani ya ungo na hakuyafuta. Nilitaka kumshika, nikamshika. Alinuka moshi na sabuni ya kipande, kama zamani.

Nikamwambia pia ninachoogopa, kuhusu Tonton, kuhusu kile kiti. Nikamwambia tunaweza kusema ni mzio tu bila kutaja wa nini. Akarudi kwenye maharage yake. Hata sijui kama alisikia.

Aganze yuko sawa. Amekaa kivulini, amenyoa. Huyo nilimshukia bila breki yoyote. Mke wako alikuonjea kila sufuria, wewe ukaingia kwenye gari bila hata kumtazama. Akasema, "Niliogopa, yaya." Nilitaka jibu kubwa zaidi ya hilo. Lakini ndilo alilonalo.

Jumapili, 13 Oktoba

Kikao.

Tonton alifungua kwa sala ndefu ambayo tayari ilikuwa na hukumu ndani yake. Alimwomba Mungu "alinde nyumba na mikono ya wageni". Shangazi wawili wakasema amina kwa nguvu. Feza alikaa peke yake kwenye benchi la ukutani, Ombeni kifuani. Begi lake lilikuwa limefungwa, liko mlangoni. Kwake si kukimbia. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa akiwa msafi.

Maman alichelewa. Tonton alishaanza kuhesabu dalili za karuho ndipo alipoingia, Aganze nyuma yake. Kiti chake kilikuwa kimetengwa karibu na Tonton. Akakipita. Akavuka chumba chote, akakaa kwenye benchi la Feza. Wakabanana, maana ni benchi fupi. Akafungua kitambaa mapajani. Kumbikumbi.

Akatia konzi mdomoni. Akatafuna mbele ya watu wote, taratibu, akameza. Sikuwahi kumwona mama yangu akionja chakula chake mbele ya watu.

Kisha akasema: "Muliniona? Naonja. Hii ndo nilimupa Aganze siku ile, kabla ya chakula ya Feza. Nikamupa tena Kavumu. Mwili yake haiitake tena, Docta alinielezea. Feza hana kosa. Kama mutu iko anatafuta mwenye alimulisha Aganze, iko miye mama yake."

Tonton alifungua mdomo. Akaufunga. Akasema lazima tutazame vizuri, kwa maana karuho inaweza kupitia hata kwa mtu asiyejua. Maman akamgeukia. "Deo. Unataka kunipeleka wapi?"

Kulikuwa na wimbo kwenye redio ya jirani, ukipenya ukuta. Shangazi mmoja akatazama miguu yake. Niligundua kwamba karuho ni rahisi kuisema juu ya mwanamke wa Sange, na ni ngumu sana kuisema usoni kwa mwanamke aliyekutawaza ulipokuwa mdogo. Maana Maman aliolewa Tonton akiwa bado anaogeshwa.

Tonton akaomba tufunge kwa sala. Fupi, mara hii.

Nilikuwa na mchoro kwenye mkoba. Nilikuwa na chaki! Hakuna aliyeniuliza kitu. Nimejisikia mjinga na nimefurahi.

Feza hakutabasamu. Aliinuka, akachukua begi lake mlangoni, akaingia nalo chumbani. Aganze akamfuata, akabaki nje ya mlango, akabisha. Akabisha tena. Inamstahili. Mlango ulifunguliwa watu walipokuwa wanavaa viatu.

Tonton aliondoka na kumbikumbi waliobaki. Wamefungwa vizuri kwenye koti lile lile.

Jumatano, 16 Oktoba

Feza anampikia Aganze, anamwekea sahani, anakwenda kula na Ombeni jikoni. Hawajagombana. Laiti wangegombana.

Aganze ananiuliza dawa yangu ya breki itafika lini Bukavu. Nikamwambia asisubiri kwa mguu mmoja. Kwa sasa dawa yake ni kutokula kumbikumbi. Akaniuliza kama ndicho nilichoandika kwenye semina. Nikamtupia taulo.

Nimepata adrenalini ya kuweka nyumbani. Kuna mtu mmoja tu katika nyumba hii asiyetetemeka mkono, na si mimi. Nimemfundisha Feza kudunga. Tulifanya mazoezi kwenye chungwa. Alidunga moja kwa moja, akashikilia, akatoa. Nikamwambia, pajani, hata juu ya suruali, usisubiri mtu akwambie. Akauliza, "Na kama batasema nimemudunga sumu?" Aliuliza bila uchungu, kama mtu anayeuliza saa.

Aganze alikuwa mlangoni. Akasema, "Unidunge tu."

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua tangu asubuhi, nyembamba, ziwa halionekani dirishani. Umeme upo. Sijui wa nini leo, sina kazi yoyote.

Maman amekuja baada ya misa na maharage na maparachichi. Hakuleta kitambaa kile. Anasema watu wa Kavumu wanamuuliza kuhusu walinzi wa Aganze, na yeye anawajibu kwamba hata Docta hajui walianza kukosea lini.

Jirani alileta mandazi. Alisema yamezidi. Feza akapokea.

Tulikuwa sisi tu mezani, bila Tonton. Feza akaleta bugali, sombe, na samaki wa Sange. Akafunua sufuria ya kwanza, akachukua kijiko aonje, kama inavyotakiwa.

Maman akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Feza na kijiko chake. "Wacha kuonja. Leta."

Akajipakulia mwenyewe. Akamega bugali, akachovya, akala, hakumtazama mtu. Tukamsikiliza akitafuna. Aganze akafuata, halafu mimi. Feza alibaki amesimama kidogo na kijiko kitupu mkononi. Kisha akavuta kiti, akakaa, akala pamoja nasi.